Maziwa ya Bi Mgando

Mzaha uliotaka kumfilisi Bi Mgando ulitoka kinywani mwa mumewe mwenyewe, tena akiwa amejikunja kwenye benchi la zahanati, mkono mmoja ubavuni na mwingine ukutani. Maumivu yalikuwa yamempanda tangu alfajiri akiwa kazini mbele ya tanuri la mikate, na njiani alikuwa ametapika mara mbili. Mtu mwingine angenyamaza akaomba apone. Yeye, ambaye mtaa mzima ulimwita Tanuri, na ambaye hajawahi kuona watu watatu wamekaa pamoja akawaacha bila kuwachekesha, alishindwa.

Alikuwa ametoka tu kwenye chumba cha kipimo. Mhudumu alikuwa amemwambia kwa haraka, huku akiita namba ya mgonjwa mwingine, kwamba ana jiwe dogo kwenye njia ya mkojo na kwamba mawe ya namna hiyo hutokana na kalsiamu. Tanuri akauliza kalsiamu ni kitu gani.

"Ni kama chokaa," mhudumu akasema. "Ile iliyomo kwenye mifupa na kwenye maziwa."

Basi. Mlango ukafungwa. Tanuri akarudi kwenye benchi, akawatazama waliokuwa wakimtazama, akavuta pumzi.

"Jamani, mimi nimeoa muuza maziwa ya mgando," alisema. "Miaka kumi na minne ananinywesha. Sasa yamekosa nafasi tumboni, yameanza kuganda kwenye figo."

Benchi zima likaangua kicheko. Hata mama mmoja aliyevimba taya alicheka huku amelishika shavu. Mwisho wa benchi alikaa msusi wa mtaani kwao, aliyekuja kubadilishiwa bandeji ya kidole, naye alicheka kuliko wote. Hakuwa na nia mbaya, hilo lazima niliseme. Lakini msusi ana mikono miwili na kinywa kimoja, na kutwa nzima vyote vitatu hufanya kazi pamoja.

Daktari alipomwita, Tanuri alikuwa bado anasikia utamu wa kile kicheko. Aliandikiwa dawa za maumivu, akaambiwa anywe maji mengi, akaambiwa mengine ambayo hakuyasikia vizuri. Alipofika nyumbani alikuwa amebaki na maneno mawili tu kichwani: chokaa na maziwa.

*

Bi Mgando aliuzia nyuma ya ukuta wa soko, kwenye kivuli cha bati. Meza moja, ndoo mbili nyeupe zenye mifuniko, upawa, kikombe cha kupimia, na kibao kilichoandikwa kwa mkono MAZIWA YA MGANDO. Jina lake la kuzaliwa watu walikwisha kulisahau. Kila asubuhi alipokea lita ishirini kutoka kwa mfugaji, akazichemsha, akaziacha zipoe mpaka kidole kivumilie, akatia maziwa kidogo ya jana, akafunika. Baada ya hapo hakuruhusu mtu kuitikisa ndoo wala kuifunua, hata mama mkwe wake. Kesho yake ukichota, upawa ulisimama wenyewe.

Ukilifikiria, neno lenyewe lilikuwa limejiweka tayari kwa balaa. Damu ikiganda, mtu hukimbizwa hospitali. Saruji ikiganda, ndiyo imekuwa jiwe. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba kilichoganda kwenye ndoo kimekwenda kuganda kwenye figo, huhitaji maelezo zaidi, unaona umeelewa. Bi Mgando angekuwa anauza uji, mzaha ule ungefia palepale kwenye benchi. Lakini aliuza maziwa ya mgando, na watu wakaelewa.

Wa kwanza kuelewa alikuwa mwenye mgahawa, aliyekuwa akichukua lita tano kila siku. Alituma salamu kwamba wateja siku hizi wanataka soda. Fundi viatu, aliyekuwa akinywa kikombe kimoja kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda, sasa alimwamkia kwa mbali na kwa heshima nyingi mno, kama mtu aliyemkosea. Mwanamke mmoja mjamzito alikuwa na angalau ujasiri wa kuuliza. Alitaka kujua kama ni kweli mume wa Bi Mgando ametolewa jiwe kubwa kama yai. Kule zahanati jiwe lilikuwa la milimita nne. Kwa msusi lilifika ukubwa wa harage, na kabla ya kuvuka barabara kuingia sokoni lilikwisha kuwa yai.

"Hajatolewa jiwe," Bi Mgando alijibu. "Bado analo. Ni dogo."

"Kumbe bado analo," mwanamke yule akasema, na akaondoka na jagi lake tupu.

Jioni ndoo ya pili ilirudi nyumbani imejaa. Bi Mgando aliitua sakafuni jikoni, akajaza kikombe cha mumewe kama alivyofanya kila siku kwa miaka kumi na minne, akakiweka mbele yake pamoja na chakula. Tanuri alikitazama. Akakisogeza kwa kidole kimoja mpaka kikafika katikati ya meza.

"Nitakunywa chai ya rangi," alisema. "Kwa sasa."

Mama yake, aliyekaa nao tangu alipofiwa, alikuwa ameshainua kikombe chake. Naye akakirudisha mezani. Akasema, bila kumtazama mtu, kwamba mwanawe alikuwa mzima wa afya mpaka alipooa. Binti yao, aliyekuwa anamaliza shule mwaka ule, alikunywa kikombe chake chote kwa mkupuo, kisha akakivuta cha baba yake akakinywa nacho. Bi Mgando aliosha vyombo polepole sana usiku ule. Alikuwa ameumia, na hakutaka kuwa wa kwanza kusema.

*

Wiki ya tatu mfugaji alizima pikipiki yake mbele ya meza na hakushuka. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto, na maziwa yake hayakuwa na tone la maji ndani yake. Hiyo ilikuwa sifa adimu. Bi Mgando alikuwa amejaribu wafugaji wanne kabla yake, na maziwa yao yalikataa kuganda, yakabaki kutoa maji ya kijani kama yanalia.

Siku hizi Bi Mgando alikuwa akichukua lita nane tu. Mfugaji alieleza, huku akipangusa kioo cha pikipiki ambacho hakikuwa na vumbi, kwamba kituo cha kukusanyia maziwa kinayataka maziwa yake yote. Yeye angependa kuendelea na Bi Mgando. Lakini ng'ombe hawajui kungoja.

"Mwisho wa mwezi ujao, mama," alisema. "Ukiweza kurudi kwenye ishirini zako, mimi ni wako. Usipoweza, nitawapa wao, na wakishachukua sitaweza kurudi nyuma."

Bi Mgando alisema ameelewa. Alielewa zaidi ya alivyoambiwa: pasipo maziwa yale hana biashara, na kazi nyingine hakuijua.

Binti ndiye aliyepata wazo. Alisema tatizo si maziwa, ni neno. Akakifuta kibao, akaandika kwa herufi nzuri za rangi ya buluu: MTINDI. Ni kitu kilekile, ndoo ileile, upawa uleule. Bi Mgando alisita, lakini alikubali, na siku ya kwanza ndoo moja iliisha kabla ya saa sita. Kijana mmoja wa duka la simu alikunywa vikombe viwili papo hapo, akafuta midomo, akamsifu. Mtindi huu ni mzuri, alisema, tena ni salama, si kama ile migando yao.

Bi Mgando alimshukuru. Jioni aliwasimulia nyumbani na binti akacheka mpaka machozi yakamtoka. Hata mama mkwe alitabasamu kidogo, akajikumbusha, akaacha.

Furaha hiyo ilidumu siku mbili. Siku ya tatu mteja mmoja wa zamani alimtambua, na mchana uleule ikasemwa kwa msusi kwamba Bi Mgando amebadilisha jina la maziwa. Kama hajui kwamba yana mawe, waliuliza, kwa nini ayabadilishe jina? Swali lilikuwa zuri, na jibu lake kila mtu alijipa mwenyewe. Wiki iliyofuata aliuza lita nne. Alikifuta kibao kwa mikono yake, akarudisha maneno ya zamani, akakigonga msumari wenye nguvu.

*

Mara ya pili maumivu yalimkuta Tanuri akiwa anatoa trei za mwisho. Aliiweka chini trei aliyoshika, hilo alikuwa mwangalifu nalo, kisha akapiga magoti kwenye sakafu yenye unga na hakuweza kuinuka. Wenzake walingoja aseme kitu cha kuchekesha. Walipoona hasemi wakaogopa, wakamwita mkewe.

Safari hii walimpeleka hospitali kubwa. Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliitazama picha ya kipimo muda mrefu. Lile jiwe la kwanza halikutoka, alisema, limeshuka kidogo tu, na kwenye figo hiyohiyo kuna jingine changa. Likiziba njia kabisa, figo inaweza kuharibika. Kisha akaweka picha chini na kuanza kumhoji Tanuri kama mama anayemhoji mtoto aliyerudi na nguo chafu. Anakunywa nini kazini? Chai ya rangi. Vikombe vingapi? Sita, saba, nzito. Na maji? Tanuri akaeleza kwamba mtu wa tanuri akinywa maji itabidi atoke kwenda kujisaidia, na akitoka mikate inaungua. Anakula nini pale? Karanga, za chumvi. Na maziwa?

"Maziwa niliacha," Tanuri akasema kwa fahari kidogo. "Tangu ile siku ya kwanza."

Daktari alimtazama juu ya miwani. Kabla hajasema kitu, Bi Mgando, aliyekuwa amesimama nyuma karibu na mlango, alisogea mpaka akaishika meza.

"Daktari, naomba uniambie ukweli," alisema. "Mimi ndiye ninayeyatengeneza. Ya mgando. Ni maziwa yangu?"

"Hapana," daktari akasema. "Kaa chini, mama."

Alikaa. Daktari aligeuza karatasi akachora tumbo na figo vibaya sana, kama mihogo miwili. Chokaa iko kwenye jiwe, ni kweli, alisema. Lakini haijiundi peke yake. Inashikana na kitu kingine kinachotoka kwenye vyakula kama karanga na chai nzito na baadhi ya majani. Mtu akinywa maziwa pamoja na chakula, vitu hivyo viwili vinakutana humu tumboni, vinashikana humu, vinatoka pamoja na kinyesi. Akiacha maziwa, kile kitu kinapita peke yake, kinakwenda kutafuta chokaa kwenye figo. Na mtu anayetoka jasho mbele ya moto bila kunywa maji, mkojo wake ni mzito, na kwenye mkojo mzito ndiko mawe hukaa.

"Kwa hiyo, bwana," alimalizia, "umeondoa kilichokuwa kinakulinda, ukaweka vinavyokuchokoza."

Bi Mgando aliuliza kama ya mgando ni mabaya kuliko maziwa ya kawaida yaliyochemshwa. Daktari alitikisa kichwa. Akamuuliza Tanuri kama anatumia hamira kwenye mikate yake, Tanuri akaitikia. Basi, maziwa ya mgando nayo yana vijidudu hai, vizuri, vinavyosaidia tumbo. Wako wataalamu wanaodhani kwamba vingine vinaweza hata kukila kile kitu kinacholeta mawe kabla hakijafika kwenye figo. Wengine wamepima na hawakuona tofauti. Hawajamaliza kubishana.

"Kwa hiyo hilo siwezi kukuapia," alisema. "Ninaloweza kukuapia ni maji. Anywe mpaka mkojo uwe mweupe. Apunguze chumvi na hiyo chai. Na maziwa ya mkeo anywe pamoja na chakula, kama alivyokuwa anakunywa zamani."

Tanuri alikuwa anatazama ile mihogo miwili kwenye karatasi.

Walitembea mpaka getini polepole, yeye akiegemea bega la mkewe. Hapo akasimama.

"Mimi nilisema neno," alisema. "Siku ile, kwenye benchi. Neno la kuchekesha."

"Najua. Nililisikia siku ileile, kabla hujafika nyumbani."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Bi Mgando aliirekebisha kanga begani, akaendelea kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei. "Watu wakiacha kununua, ni watu. Wana kwingine kwa kununua. Mimi niliumia ulipokisogeza kikombe."

Mtu aliyekuwa na neno kwa kila jambo alitafuta moja akakosa. Alilia pale getini, mlinzi akimtazama, na Bi Mgando alimwacha alie mpaka atosheke kwa sababu aliona anastahili.

*

Daktari alikuwa ameagiza Tanuri akojoe kwenye chujio ili jiwe likitoka lionekane. Nyumba ile ilikuwa na choo kimoja cha uani, cha familia nne, kwa hiyo kwa siku tisa majirani walimwona Tanuri akivuka ua na chujio la chai na kopo, akiwaamkia. Watoto walimhesabia. Mama yake aliona aibu mpaka akawa anachungulia kwanza kama ua uko tupu. Siku ya kumi Tanuri alilikuta jiwe, dogo kuliko punje ya mchele, la rangi ya kahawia. Alilitazama kwa muda na karibu akasirike kwamba kitu kama hicho ndicho kilichompigisha magoti.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa msusi. Alisimama mlangoni, akawaeleza wanawake wote waliokuwamo habari za chokaa, na karanga, na tumbo, na mkojo mzito. Alieleza vizuri. Walimsikiliza kwa nyuso za kungoja, kwa maana walijua kichekesho cha Tanuri hukaa mwishoni. Alipomaliza pasipo kichekesho, walicheka hata hivyo. Msusi alimuuliza amepewa nini na mkewe ili aje kusema yote hayo.

Alijaribu kwa mwenye mgahawa, akajaribu kwa fundi viatu. Ilikuwa vilevile. Miaka yote aliyowachekesha watu, hakuwahi kufikiri kwamba siku moja atataka kuaminiwa, na sasa alitaka kuliko kitu chochote, na mwisho wa mwezi ulikuwa umebakiza wiki tatu.

Basi akanyamaza. Kila asubuhi alipotoka kazini alikuja moja kwa moja kwenye meza ya mkewe na nusu mkate wa moto, akaketi kwenye kreti, akanywa kikombe cha maziwa pamoja na mkate ule, kisha akanywa chupa nzima ya maji. Aliyemwamkia alimwitikia. Aliyengoja neno hakulipata. Kwa wiki nzima watu walipita wakiangalia, na walichoshangaa zaidi ya maziwa ni kile kimya. Fundi viatu hakuweza kukivumilia. Siku ya nane alikuja akasimama mbele yake.

"Kwani unaumwa?" aliuliza.

"Sijambo kabisa," Tanuri akasema, akaendelea kutafuna.

Fundi viatu alifikiri kidogo, akaomba kikombe kimoja. Kesho yake akaja na mwanafunzi wake. Mwenye mgahawa alituma mtu achukue lita mbili, kwa kujaribu tu. Bi Mgando alipanda mpaka lita kumi, kisha kumi na mbili. Nyumbani mama mkwe alianza kunywa tena, mgongo ameupa meza.

*

Siku aliyopanga mfugaji ilipofika, Bi Mgando alitokea kwenye kona ya ukuta akakuta foleni. Watu ishirini na kitu, wenye machupa, majagi na vidumu. Alidhani kuna aliyeibiwa. Tanuri alikuwa tayari kwenye kreti yake, naye alionekana kushangaa vilevile. Mfugaji alikuwa kando na pikipiki yake, na kwa mara ya kwanza tangu afahamike alikuwa anatabasamu.

"Nikuletee arobaini?" aliuliza.

Haikuchukua muda kujua. Msusi mwenyewe alikuwa wa nne kwenye foleni na jagi kubwa, na ndiye aliyemweleza. Watu wamemwona Tanuri. Alikuwa anakufa, sasa ni mzima. Jiwe kubwa kama yai limeyeyuka kwa maziwa ya mgando, na daktari mwenyewe ndiye aliyeagiza. Habari imefika mpaka mtaa wa pili.

Bi Mgando aliweka upawa mezani. Sitasema hakufurahi. Wiki kumi alikuwa amerudi nyumbani na ndoo zilizojaa kwa sababu ya neno ambalo hakulisema, na sasa neno jingine, ambalo vilevile hakulisema, lilikuwa limempangia foleni mpaka barabarani. Hakuhitaji kudanganya. Alihitaji kuchota tu. Mama mkwe, aliyekuwa amemsindikiza kubeba ndoo ya pili, alimnong'oneza kwamba Mungu ameshajibu, asimharibie.

Alimchotea mtu wa kwanza, akamchotea wa pili. Wa tatu alikuwa mwanamke mwembamba aliyebeba bahasha kubwa ya hospitali chini ya kwapa. Alitaka lita tatu, na alitaka kujua anywe mara ngapi kwa siku. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba amepangiwa kupasuliwa Alhamisi, jiwe limeziba, lakini anaogopa kisu. Hatakwenda. Amewaambia nyumbani kwamba atajaribu kwanza maziwa haya kwa mwezi mmoja.

Upawa ulibaki juu. Bi Mgando alimtazama yule mwanamke, miguu yake imevimba na uso una rangi ya majivu, kisha akaurudisha upawa kwenye ndoo na kufunika mfuniko. Mama mkwe akamgusa kiwiko. Hakugeuka.

"Hayayeyushi," alisema.

Waliokuwa nyuma hawakusikia, wakauliza amesemaje. Akainua sauti. Sauti yake haikuzoea kuinuliwa, ikakwaruza.

"Nasema hivi. Maziwa yangu hayaleti mawe, na hayayeyushi mawe. Ni maziwa. Mkinywa na chakula ni mazuri kwa mwili, hata daktari alisema. Lakini mwenye jiwe anywe maji, na aende hospitali. Na wewe, mama, hiyo Alhamisi nenda. Usikae nyumbani na figo imezibwa kwa ajili ya maziwa yangu."

Foleni ilinung'unika. Msusi, ambaye habari yake ndiyo iliyokuwa inaharibiwa, hakukubali kirahisi. Akamgeukia aliyekaa kwenye kreti.

"Tanuri, hebu sema wewe. Si ulipona kwa maziwa haya?"

Wote wakamgeukia. Ilikuwa hadhira kubwa kuliko yoyote aliyowahi kupata, na nyuso tayari zilikuwa zimeanza kulegea zikingoja. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba alikuwa na vichekesho vitatu kwenye ulimi, na kimoja kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyowahi kutunga. Alivimeza.

"Nilipona kwa maji na dawa," alisema. "Maziwa nayanywa kwa sababu anayatengeneza mke wangu, na ni matamu. Msikilizeni yeye."

Hakuna aliyecheka. Mwanamume mmoja nyuma aligeuka akaondoka na kidumu chake, akafuatwa na wengine watano, sita. Bi Mgando aliwaangalia wakienda. Msusi alibaki amesimama na jagi lake, uso umemshuka, akifikiri. Kisha akalisukuma mbele.

"Basi nipimie," alisema. "Mimi sina jiwe. Nina njaa."

Kicheko kikaanzia kwa mama mkwe, wa kwanza kabisa, na kikaenda mpaka mwisho wa foleni iliyobaki. Bi Mgando akafunua ndoo. Alipima kwa wote, na ndoo ya pili ilipofikia nusu alimkumbuka mfugaji, akamwambia bila kugeuka kwamba arobaini ni nyingi, alete ishirini. Mfugaji akawasha pikipiki.

Yule mwanamke wa bahasha alikuwa hajaondoka. Alikuwa ameketi kwenye kreti, Tanuri amempisha, na chupa yake tupu iko miguuni. Foleni ilipokwisha aliinuka, akaja mezani, akaiweka bahasha juu ya meza.

"Nikienda hiyo Alhamisi," alisema, "sina mtu wa kunipeleka."

Bi Mgando alikuwa anapangusa upawa. Aliupangusa mpaka ukakauka, akautundika.

"Alhamisi hii sitafungua mapema," alisema. "Unakaa nyumba gani?"